Mashine ya salfa ikigoma ikiwa ya moto, ikague hapohapo shambani

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu, umeshaingia na huku karakana kwetu kesi ni ileile kila siku. Asubuhi umande upo, mashine ya mgongoni inawaka mvuto mmoja, unapiga mikorosho yako vizuri, tenki linaisha, unaongeza mafuta, unavuta kamba weee mpaka bega linauma, kimya. Ikikaa saa moja ikapoa inawaka kama vile haijawahi kukusumbua.

Mzee mmoja wa Tandahimba aliipakia yake kwenye bodaboda mpaka kwetu, anafika imeshapoa, kijana wetu kavuta mara moja ikawaka, tukamwambia mzee wangu hii nzima. Wiki haijaisha huyu hapa tena, tukamrudisha tena. Mara ya tatu akasema leo siondoki, iwasheni muone wenyewe, basi tukaiacha inaunguruma kama dakika 20 hivi ikazima, vuta wapi. Tukafungua plagi palepale, cheche hakuna. Kumbe koili, kile kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi. Waya wa ndani ya koili ukipata joto unatanuka, kama una ufa umeme unakatika, ikipoa unashikana tena, ndo maana kila tulipoiangalia ikiwa baridi hatukuona kitu, na kosa lilikuwa letu sio la mzee.

Kwa hiyo ikigoma usiiache ipoe. Kwanza legeza mfuniko wa tenki, ukisikia fyuuu halafu ikawaka, tatizo ni katundu ka hewa kwenye mfuniko kamezibwa na vumbi, zibua yaishe. Haijawaka? Shika kitambaa maana plagi inaunguza, ifungue uitazame.

Ikiwa imelowa, mashine imekunywa mafuta. Hapa wengi tunajiletea wenyewe, injini ya moto unaivutia choki ya nini? Choki inabana hewa, ni ya asubuhi injini ikiwa baridi. Funga mafuta, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, ikaushe, rudisha. Ikirudia kila siku fungua chujio la hewa, utakuta salfa imejaa njano tupu, hewa haipiti mafuta yanazidi.

Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Angalia chujio la ndani ya tenki, halafu angalia mapezi ya silinda, salfa na majani vikiziba pale injini haipoi na mafuta yanaweza kuchemka ndani ya kabureta.

Cheche ipime kwa kugusisha plagi ikiwa kwenye waya wake kwenye chuma cha injini kivulini huku unavuta kamba, ila jamani, fanya hivyo mbali na dumu la petroli na mbali na salfa, ule unga unashika moto. Ya bluu yenye nguvu iko sawa. Hamna kitu, jaribu plagi nyingine kwanza, ndo bei rahisi, ikikataa bado ni koili.

Halafu kuna ile kamba inavutika laini kama haina kitu ndani. Hiyo ni ringi za pistoni zimechoka, weka matone ya oili kwenye tundu la plagi uvute, ikishtuka jua ndo yenyewe. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya oili kwa macho au kwa vizibo, na vizibo havilingani. Kama kitabu cha mashine yako kinasema 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40, nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa, mara mbili umemaliza.

Koili ukienda kununua beba ile ya zamani mkononi, usitaje jina tu maana zinafanana. Wakati wa kufunga, mashine nyingi zinataka nafasi ya milimita 0.3 kati ya koili na magineti, mi huwa napachika vocha ya kukwangua katikati, nakaza skrubu, naichomoa.