Hati ya hakimiliki ya kimila, na mikorosho iliyobaki mahameni

Nchini Tanzania, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na Halmashauri ya Kijiji kuthibitisha kwamba mtu, familia au kikundi kinamiliki eneo fulani la ardhi ya kijiji. Si ile hati ya kiwanja kilichopimwa mjini Mtwara au Lindi, yenye ukomo wa miaka 33, 66 au 99. Ya kimila yaweza kutolewa bila ukomo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazipa zote mbili hadhi sawa. Benki wanazionaje, hiyo ni habari nyingine.

Hati haimpi mtu shamba. Inaandika haki aliyokuwa nayo tangu zamani, nayo kwa miaka mingi haikuandikwa popote. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola. Wenyewe walikuwepo, ila hawakuwa na karatasi. Waingereza wakatunga sheria yao 1923, na 1928 wakakiri kwamba wenyeji wanamiliki kwa mila. Wapima ramani, hata hivyo, walikwenda kwenye mashamba ya walowezi, kama ya mkonge kule Lindi.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Watu walihamishwa, mikorosho yao ikabaki mahameni, mwendo mrefu kutoka makazi mapya, nao wakamegewa ardhi iliyokuwa ya wenyeji waliowapokea. Sheria ya 1999 ilimaliza ubishi kwa mkato: ugawaji uliofanyika kijijini kati ya 1970 na 1977 ni halali, hata kama ulikiuka sheria ya wakati ule. Mjukuu anayedai shamba la babu aliyehamishwa hukutana na kifungu hicho, na mara nyingi ndiye anayeshangaa.

Siku ya kuhakiki shamba linaloombewa hati, kamati ya kijiji inatembea mpakani na mwenye shamba pamoja na majirani zake, kifaa cha GPS mkononi, kila mmoja akikiri kuwa mkorosho ule ni wa huku na ule ni wa kule. Hapo huibuka mambo ya rehani: aliyeweka mikorosho rehani hajauza ardhi, lakini aliyeipokea rehani, akivuna misimu mitatu mfululizo, huanza kujiona mwenye shamba. Bora liandikwe mapema.

Kabla ya kuomba, muulize mtendaji kama kijiji chenyewe kina cheti cha ardhi ya kijiji, kinachothibitisha mipaka yake. Kama mpaka na kijiji jirani bado unagombewa, maombi yako yatasubiri.