Kura Marekani: haki iliyotolewa, ikapokonywa, ikadaiwa upya

Wengi huamini kwamba Katiba ya Marekani ya 1787 ilimpa kila raia kura. Haikufanya hivyo. Majimbo yaliachiwa yaamue yenyewe, na mengi yalimtaka mwanamume mwenye mali. New Jersey peke yake ilikuwa na kioja chake: katiba yake ya 1776 ilitaja wakazi wote wenye mali ya pauni 50, basi. Wajane na wanawake wasioolewa wakapiga kura, na weusi huru pia. Mke wa mtu alikosa, maana kisheria mali yake ilikuwa ya mumewe. Mwaka 1807 bunge la jimbo likawafuta wote hao.

Kwa hiyo hata ile hadithi ya haki inayopanda tu bila kushuka haisimami.

Wengine husema weusi walipata kura mwaka 1870, kwa Marekebisho ya 15 ya Katiba. Ni kweli, na wanaume weusi wa Kusini walikuwa wameshaanza kupiga kura tangu 1867. Kisha, ili kuwazuia, zikaja kodi ya kura, yaani ada ya kulipwa kabla ya kupiga kura, na mitihani ya kusoma. Louisiana ilibuni hila ya aina yake mwaka 1898: aliyekuwa na haki ya kura kabla ya 1867, au ambaye baba au babu yake alikuwa nayo, alisamehewa mtihani. Rangi haikutajwa popote, wala hapakuwa na haja, kwani kabla ya mwaka huo hakuna mweusi wa Louisiana aliyeruhusiwa kupiga kura. Weusi walioandikishwa jimboni humo walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia 1904 walibaki 1,342. Sheria ya shirikisho yenye meno ya kulinda kura ilipatikana 1965, baada ya waandamanaji waliodai haki hiyo kupigwa virungu mjini Selma, Alabama, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliyang'oa baadhi ya meno hayo.

Je, wanawake wote walipata kura mwaka 1920, kama isemwavyo? Wyoming iliwaruhusu tangu 1869, huku wanawake weusi wa Kusini wakikumbana na vizuizi vilevile hata baada ya 1920. Wenyeji wa asili wa Arizona na New Mexico walisubiri hadi 1948.

Kura ya siri nayo si ya tangu mwanzo. Kentucky ilizoea mpiga kura kutaja jina la mgombea kwa sauti hadi 1891, mwajiri wake akiwa amesimama pale pale anasikiliza.

Na anayeapa kwamba wasio raia hawakuwahi kupiga kura asome habari za Wisconsin ya 1848: mhamiaji aliyetangaza tu nia ya kuwa raia aliruhusiwa. Arkansas iliacha utaratibu huo 1926.