Gunia ni kilo ngapi? Dhana potofu kuhusu kuanza kuandika programu za kompyuta

Katika maduka ya pembejeo, steshenari na ofisi ndogo za Dodoma ni jambo la kawaida kukuta kompyuta ya mezani ambayo kazi yake kubwa ni kuchapa barua za maombi ya kazi, ilhali mauzo, madeni na mapokezi ya mzigo yanaandikwa kwa kalamu katika kaunta buku lililochakaa kingo. Mtu anayelishika daftari hilo, kwa kuwa anaijua kazi yake kuliko mtu mwingine yeyote, angeweza kujitengenezea programu ndogo yenye dirisha moja, visanduku vichache vya kujazia na kitufe cha kuhifadhi. Lakini ameshaambiwa mambo mengi kuhusu uandishi wa programu, na mengi kati ya hayo si kweli, au ni kweli nusu.

La kwanza ni kwamba programu ni za waliofaulu hisabati. Kijana akikumbuka alama zake za kidato cha nne, hufunga mjadala hapo hapo. Ukweli ni kwamba zipo programu zinazodai hisabati nzito, kama za kuchora michezo ya kompyuta au kuchakata picha, lakini programu ya duka, ghala au kikundi cha kuweka na kukopa haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu wake uko mahali pengine kabisa. Tuchukue mnunuzi wa alizeti anayepokea mzigo kutoka vijiji vya Kongwa. Programu yake inauliza jina la mkulima, kiasi cha mzigo na bei, kisha inatoa jumla ya malipo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kompyuta, hata hivyo, haina busara ya kukisia, na kwa hiyo mwandishi wa programu analazimika kuamua mambo ambayo karani huyaamua kwa macho bila kuyataja: gunia ni kilo ngapi, na lile la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, lihesabiweje? Uzito wa gunia tupu unatolewa au hautolewi? Mkulima aliyekopeshwa fedha za palizi miezi mitatu iliyopita anakatwa zote leo au kidogo kidogo? Bei ikipanda saa sita mchana, mzigo uliopimwa asubuhi na haujalipwa unafuata bei ipi? Wakija akina Mazengo wawili kutoka kijiji kimoja, programu iwatofautishe kwa nini? Karani ambaye hisabati ilimshinda shuleni anaweza kuyajibu maswali haya yote, na mhitimu aliyepata alama za juu asiweze, kwa sababu hajawahi kusimama kwenye mizani. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kazi hii inafaa itumike kwa karatasi na kalamu, kompyuta ikiwa imezimwa.

Pamoja na hayo, ipo hesabu moja inayowashangaza karibu wanaoanza wote. Mtu akiiambia Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, atapata 0.30000000000000004, naye ataanza kuishuku kompyuta yake. Mashine haijaharibika: kompyuta hutunza namba kwa mfumo wa mbili, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja kwa desimali. Dawa yake kwa fedha zetu ni nyepesi, kwa kuwa senti hazitumiki tena madukani: shilingi zitunzwe kama namba kamili, na uzito utunzwe kwa gramu badala ya kilo zenye desimali.

Dhana ya pili inatokana na macho. Mtu anayeiona programu nzuri huona dirisha, rangi na vitufe, kisha huamini kwamba kutengeneza programu ni kuvipanga vitu hivyo. Hutumia majuma mawili akichagua rangi ya kitufe, na siku ya kukibonyeza hakuna kinachotokea. Kwa kweli dirisha ni kaunta tu; kazi inafanyika nyuma yake. Programu ya dirisha ikishafunguliwa, muda wake mwingi inangoja. Inangoja kubonyezwa kitufe au kuandikwa herufi, na kila tukio linapotokea inaita kipande cha msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya programu, kilichoandaliwa kwa ajili ya tukio hilo, kisha inarudi kungoja. Asiyeuelewa mwendo huu atasumbuka sana, kwa maana ataweka kazi ya dakika mbili, tuseme kusoma kumbukumbu za msimu mzima, ndani ya kitufe kimoja, na kwa dakika hizo mbili dirisha litaganda na Windows itatangaza kwamba programu haijibu. Programu haijafa; imeshikwa na kazi, na hakuna aliyebaki kaunta. Kwa sababu hiyo napendekeza, hata kwa programu ya kurasa mbili, msimbo wa hesabu uandikwe katika faili lake na ujaribiwe bila dirisha lolote, halafu dirisha liongezwe baadaye. Mwandishi akibadilisha sura ya dirisha mwaka ujao, hesabu zake hazitaguswa.

Kuhusu Kiingereza, ukweli una pande mbili. Python ina maneno maalumu 35 tu ambayo hayabadiliki, na hayo hujifunzwa kama alama za barabarani. Majina mengine yote huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, wala hakuna kinachomzuia kuyaita bei_ya_kilo, jumla_ya_malipo au deni_la_mkulima. Vitufe na ujumbe wote unaoonekana kwenye dirisha unaweza kuwa wa Kiswahili fasaha, na inashangaza kuona programu zinazoandikwa hapa hapa nchini kwa ajili ya makarani wetu zikiwa na vitufe vya Kiingereza kitupu. Upande wa pili ni kwamba ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya maelezo ya kitaalamu pia. Anayeanza asome kwanza mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, ambao ndio unaotaja aina ya kosa, kisha namba ya mstari iliyotajwa juu yake. Baada ya miezi michache atagundua kwamba makosa yanayomtokea kila mara hayazidi kumi, na kwamba anayatambua kwa sura.

Inasemwa pia kwamba lazima uwe na kompyuta mpya yenye nguvu. Wanaosema hivyo mara nyingi wamejaribu kuweka Visual Studio, zana kubwa ya Microsoft ya kuandikia programu, ambayo kweli hula gigabaiti nyingi za diski, katika kompyuta mpakato iliyotumika. Python haina tabia hiyo. Kwa matoleo ya miaka ya karibuni, faili la kuisakinisha kwenye Windows lina takriban megabaiti 30, na ndani yake mna kihariri kidogo cha kuandikia msimbo kiitwacho IDLE pamoja na Tkinter, maktaba ya kutengenezea madirisha inayotegemea Tk, zana ya madirisha iliyoanzishwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwenye Windows 7 ajue kwamba toleo la mwisho linalofanya kazi humo ni Python 3.8 la mwaka 2019, na akijaribu jipya zaidi litamkatalia. Mwenye Linux huenda akalazimika kuisakinisha Tkinter peke yake. Na wakati wa kusakinisha kwenye Windows, kile kisanduku kidogo cha chini kinachouliza kama Python iongezwe kwenye PATH, yaani orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu, kitiwe alama. Kukiruka ndiko chanzo cha malalamiko mengi ya siku ya kwanza kwamba kompyuta haiijui amri ya python.

Intaneti ya kudumu haihitajiki. Ukishapakua kwa bando la siku moja, unaweza kuandika na kuendesha programu zako mwezi mzima bila mtandao.

Wengine hukwama kwenye mjadala wa lugha ipi ni bora. Lugha ya C# pamoja na Windows Forms, zana yake ya kutengenezea madirisha, ni chaguo zuri kwa mwenye Windows na diski ya kutosha. Lazarus, zana inayotumia lugha ya Pascal, haina malipo, ni nyepesi na inakuwezesha kupanga vitufe kwa kipanya. Java ingali ikifundishwa vyuoni. Ningemshauri mtu ajiepushe na nakala za Visual Basic 6 zinazopitishwa kwenye flashi, kwa kuwa ni toleo la mwaka 1998 na nakala hizo mara nyingi zimebeba virusi. Ukiacha hilo, lugha unayoweza kumpata jirani anayeijua inafaa kuliko lugha inayosifiwa na watu usioweza kuwauliza swali.

Dhana inayohitaji kujibiwa kwa uangalifu ni ile isemayo kwamba programu za kompyuta ya mezani zimepitwa na wakati, kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwenye simu na mtandaoni. Ikiwa taarifa zinaingizwa na watu walio Kondoa, Mpwapwa na Manyoni kwa wakati mmoja, basi ni kweli, mfumo wa mtandaoni ndio unaofaa, na ni kupoteza muda kulazimisha vinginevyo. Lakini ghala lenye mizani moja, karani mmoja na printa moja halina sababu ya kusimamisha mapokezi kwa kuwa mtandao umekatika au bando limeisha. Kwa kazi kama hiyo ipo SQLite, hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo haina malipo, haihitaji seva, yaani programu ya pembeni ya kuihudumia, na huweka taarifa zote katika faili moja. Python huja nayo tayari. Imeundwa kwa namna ambayo umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, ingizo ama linaingia lote ama haliingii kabisa, jambo ambalo faili la kawaida la maandishi haliwezi kukuahidi. Faili hilo moja linakiliwa jioni kwenye flashi baada ya programu kufungwa, na flashi hiyo inaondoka na mwenye duka, kwa maana mwizi akiibeba kompyuta hataacha flashi iliyochomekwa ndani yake.

Je, ni lazima kusomea chuoni? Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya fani hizi, na anayetaka kujenga mifumo ya benki au hospitali afuate njia hiyo. Kwa programu ya kaunta buku, shahada si sharti. Wala zana za akili bandia zinazoandika msimbo haziondoi haja ya kujifunza: zitakuandikia dirisha zuri kwa dakika moja, lakini hazijui kama kwenu gunia tupu linatolewa kwenye uzito.

Imebaki dhana ya wale waliokwisha kuandika programu yao ya kwanza, kwamba ikifanya kazi kwenye kompyuta yao basi imekamilika. Kompyuta ya dukani huenda haina Python. Zana iitwayo PyInstaller hufunga programu na mahitaji yake kuwa faili moja linalofunguka lenyewe, ila la Windows sharti litengenezwe kwenye Windows, na baadhi ya programu za kuzuia virusi hulishuku bila sababu. Gumu zaidi ni mtumiaji. Mwandishi alijaribu bei kwa kuandika 1250; karani, aliyezoea risiti, ataandika 1,250 au 1250/=, na programu itaanguka mbele ya foleni ya wakulima. Kila kisanduku cha namba kinahitaji msimbo wa kuondoa mkato na alama hizo, na wa kumwambia karani kwa upole iwapo bado kilichoandikwa hakieleweki. Kwa hiyo programu iwekwe dukani huku kaunta buku likiendelea kuandikwa sambamba kwa mwezi mzima, mwezi ambao ndani yake umeme utakatika angalau mara moja na mahesabu ya mwisho wa mwezi yatafungwa. Kila jioni jumla mbili zilinganishwe, na zikitofautiana, hata kwa shilingi hamsini, itafutwe sababu kabla ya kulala.