Sona na GPS kwenye boti ya Ziwa Victoria: anza na transdusa, skrini ifuate

Swali linaloulizwa zaidi na wenye boti huku Kisumu ni ukubwa wa skrini. Mimi huanza kwa kuuliza boti ni ya mbao, faibaglasi au alumini, na tezi yake (sehemu ya nyuma) imekaaje. Skrini ya inchi 9 iliyounganishwa na transdusa (kifaa kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake) iliyofungwa ovyo itakusomea kina vizuri boti ikiwa imetulia, kisha nambari zipotee pale tu injini inapochanganya. Skrini ya inchi 5 yenye transdusa iliyokaa mahali pake itaendelea kusoma ukiwa kwenye mwendo. Pesa zikiwa chache, punguza inchi. Transdusa na nyaya usizibanie.

Tuanze na masafa ya sauti, kwa sababu hapo ndipo watu huuziwa wasichohitaji. Ghuba ya Winam, yaani ghuba yetu ya Kisumu, haina kina kikubwa: upande wa Kisumu ni mita chache tu, na maji huongezeka kina ukielekea kisiwa cha Rusinga. Ziwa zima lina wastani wa mita 40 hivi, na sehemu ya ndani kabisa ni kama mita 80. Transdusa ya kilowati 1 ya kHz 50 imetengenezwa kwa bahari kuu. Hapa ni mzigo na gharama. kHz 200 inatosha kabisa, na ukipata ya chapu (CHIRP, yaani inayotuma masafa mengi mfululizo badala ya moja) inayozunguka masafa hayo ni bora zaidi, kwa kuwa hutenganisha samaki na sakafu ya ziwa kwa uwazi.

Upana wa mwale nao uuelewe. Mwale wa nyuzi 20 kwenye kina cha mita 5 hugusa duara la kipenyo cha mita 1.8 hivi, kwenye mita 40 duara hilo linafika mita 14. Mwale wa nyuzi 60 kwenye mita hizo 5 hugusa karibu mita 5.8. Mwale mpana ni mzuri kwa anayetafuta mbuta, lakini jiwe lililo pembeni utaliona kana kwamba liko chini yako. Kwa kupita salama, tumia mwembamba. Kwa ghuba yetu ningeongeza sona ya pembeni ya kHz 455 kabla ya kuongeza ukubwa wa skrini, maana kwenye maji mafupi ndiyo inayokuonyesha nguzo, mawe na magogo ya pande zote mbili. Tope halisumbui sona. Kinachoisumbua ni viputo vya hewa.

Sasa boti yenyewe. Ya faibaglasi isiyo na tabaka la povu au mbao katikati inakuruhusu kugundisha transdusa ndani kwa gundi ya epoksi bila kutoboa chochote. Kabla ya kugundisha, jaza mfuko wa plastiki maji, uuweke mahali unapopakusudia, ubonyeze transdusa juu yake na usome kina boti ikiwa majini. Ikisoma sawa na kamba ya kupimia kina yenye uzito wa risasi, endelea. Nambari zikirukaruka, hapo pana hewa au povu ndani ya ukuta, tafuta pengine. Epoksi imwagwe taratibu. Kiputo kimoja chini ya uso wa transdusa kinatosha kuharibu kazi yote. Njia hii haifai kwa mbao wala alumini.

Ukitoboa chini ya boti ya mbao, tumia transdusa ya mwili wa bronzi. Mbao hunywa maji na kuvimba, na mwili wa plastiki unaweza kupasuka. Kwenye alumini ni kinyume: bronzi isiiguse kamwe, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana majini alumini ndiyo inayoliwa. Hapo tumia plastiki au stenlesi.

Boti nyingi hata hivyo zitafungwa transdusa ya tezini. Simama nyuma ya boti uangalie propela. Ikizunguka kama mshale wa saa ukienda mbele, na nyingi ndivyo zilivyo, funga upande wa kulia, ambako mapanga ya propela hushuka. Upande ambao hupanda husukuma maji yenye viputo kuelekea juu. Acha angalau sentimita 38 kutoka kwenye propela. Usifunge nyuma ya mstari wa ribiti, ukingo wa chini ya boti au tundu la kuingiza maji, kwa kuwa vyote hivyo huacha mkia wa viputo. Uso wa transdusa ushuke milimita 3 chini ya tumbo la boti ya faibaglasi, na milimita 10 kwa alumini. Uwe sambamba na maji boti ikiwa kwenye mwendo, siyo ikiwa imeegeshwa. Boti huinua omo (sehemu ya mbele) ikikimbia, na pembe hubadilika.

Kwa skrubu ya milimita 5 toboa kwa drili ya milimita 4, na uzungushie drili utepe kuonyesha kina cha kuishia. Kwenye faibaglasi panua kidogo mdomo wa tundu, la sivyo rangi ngumu ya juu itapasuka kama nyota. Skrubu ziwe za stenlesi ya daraja la 316. Jaza tundu silanti (gundi ya kuziba maji) ya baharini ya poliurethani kabla ya kuingiza skrubu. Silikoni ya bafuni huachia chini ya maji, na tezi ya mbao itaanza kuoza ndani kwa ndani bila wewe kujua. Ninachopendelea ni kugundisha kwanza kibao cha plastiki ngumu na kufunga transdusa juu yake: ukihitaji kuisogeza baadaye, unatoboa kibao na siyo boti.

Huku kwetu kuna magugu maji, na nyavu zisizo na alama. Chagua mkono wa kushikilia unaokunjuka ukigongwa, na usikaze nati zake kupita kiasi hadi ushindwe kukunjuka. Kwa boti ndefu ya mbao ambayo tezi yake yote imechukuliwa na injini, bomba la pembeni lenye transdusa, linalopandishwa na kushushwa, ni suluhisho zuri, ila usome ukienda polepole.

Kebo ya transdusa ipitishe juu ya tezi au kwenye tundu lililo juu sana ya maji. Usiikate kuirefusha, iliyozidi izungushe na kuifunga. Iweke mbali na kebo ya redio na nyaya za injini, kwani mistari inayokimbia skrini nzima injini ikiwaka mara nyingi hutoka huko.

Umeme ndio unaoua vifaa vingi, na watu huuchukulia kirahisi. Kifaa kinachokula ampea 1.5, kilicho mita 6 kutoka kwenye betri, kinahitaji waya wa mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza volti 0.12 hivi. Kwa ule mwembamba wa 0.75 unapoteza 0.4, na betri ikishuka skrini inaweza kuzima mapema. Nunua waya wa shaba iliyopakwa bati. Fyuzi, kwa kawaida ya ampea 3 au kama kitabu cha kifaa kinavyosema, ikae ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri, maana inalinda waya. Ikiwa mbali, kipande kilicho kabla yake kinaweza kushika moto. Maungio yote yawe mbali na tangi la petroli.

Kama injini inawashwa kwa stata, kipe kifaa betri yake. Stata ikivuta, volti hushuka na skrini hujizima na kujiwasha upya. Injini ndogo ya kuvuta kamba mara nyingi haichaji kabisa, hivyo piga hesabu: ampea 1.2 kwa saa 10 ni Ah (ampea-saa) 12. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo nunua ya Ah 24 au zaidi; ya lithiamu ya Ah 15 inatosha. Paneli ya wati 40 yenye kidhibiti chaji itarudisha hizo Ah 12 kwa saa tano za jua zuri. Ya wati 20 itarudisha nusu yake.

Antena ya GPS ione anga wazi. Kihisi cha dira kisiwe karibu na spika, injini wala chombo kingine cha chuma.

Kwenye mipangilio, chagua maji baridi (yasiyo ya chumvi) na vipimo vya mita. Kisha weka tofauti ya kina: kama transdusa iko sentimita 20 chini ya maji na pezi la chini la injini liko sentimita 60, weka kutoa mita 0.4 (-0.4), ili sifuri imaanishe pezi limegusa chini. Wengi hupima kutoka mkukuni (uti wa chini wa boti) na kusahau kwamba injini ndiyo inayogonga kwanza.

Ukiingiza alama za mahali kwa mkono, angalia herufi ya kaskazini na kusini. Ikweta inapita kwenye ziwa letu. Mbita iko dakika 25 za latitudo kusini mwa ikweta. Ukiandika kaskazini, kifaa kitakupeleka maili 50 za baharini, yaani kilomita 92 na ushei, mbali na unakokwenda. Port Victoria yenyewe iko kaskazini, kwa hiyo hakuna herufi moja ya kukariri.

Kabla ya kulipia ramani, iombe dukani, ikuze hadi uone Ghuba ya Winam na uhesabu mistari ya kina iliyomo. Ikiwa ni muhtasari wa ufuko tu, afadhali kifaa kinachochora ramani ya kina chenyewe unavyosafiri. Garmin, Lowrance na Humminbird wote wana programu ya namna hiyo. Kumbuka maji hupanda na kushuka. Mwaka wa 2020 yalipanda sana, na namba zilizorekodiwa wakati huo zitakuonyesha kina kisichokuwepo maji yakishuka. Andika tarehe ya kila rekodi.

Jaribio la mwisho lifanyike ukiongeza mwendo hatua kwa hatua. Kina kikipotea kwenye kasi fulani, shusha transdusa milimita 3 urudie. Ikianza kurusha maji nyuma kama mkia wa jogoo, imeshuka mno, ipandishe. Uso wake uusafishe kwa kitambaa laini na sabuni ya vyombo. Petroli na thina hula plastiki yake.