"Mimi nina mhasibu, kodi ni shida yake"

Nimeisikia tena wiki hii. Hapana. Biashara ni yako, namba ya mlipakodi ni yako, na ritani (fomu ya kutangaza mapato na kodi yako) ikishawasilishwa, kisheria aliyesema yaliyomo ni wewe. Mhasibu akikosea, mamlaka ya kodi inakuja kwako kudai kilichopungua, na riba juu yake.

Suala la adhabu, nakiri, halijanyooka hivyo. Zipo nchi ambako adhabu hupunguzwa au kufutwa ukionyesha kwamba ulimpa mtaalamu taarifa zote, kisha ukafuata ushauri wake kwa nia njema. Taarifa zote, jamani. Ukimficha akaunti moja, kinga hiyo huna. Na kinachosamehewa ni adhabu. Kodi yenyewe utailipa tu. Ndiyo, unaweza kumdai mhasibu fidia, ila soma kwanza barua ya makubaliano ya kazi: nyingi zina kipengele kinachoweka ukomo wa kiasi atakachowajibika. Kama hakuna barua kabisa, mtabishana hata juu ya kazi aliyopewa.

Usajili ukague mwenyewe kwenye orodha ya bodi ya wahasibu, uone kama leseni yake iko hai mwaka huu. Ni dakika tano. Lakini usilewe na cheti. Wapo waliosajiliwa ambao wananakili ritani ya mwaka jana na kubadilisha tarakimu, na ada kubwa nayo haithibitishi umakini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni taarifa ya benki. Mpe ya mwaka mzima, usimweleze kitu, kisha subiri maswali. Tuseme zimeingia 12,000,000. Ndani yake 3,000,000 ni mkopo, na 1,500,000 umezihamisha kutoka akaunti yako nyingine. Mauzo hapo ni 7,500,000. Mvivu ataandika 12,000,000 na utalipia kodi mkopo wa benki. Makini atakaa na kila kiasi kikubwa na kukuuliza, "Hii imetoka wapi?" Upande wa matumizi ni hivyo hivyo: rejesho la mkopo si gharama, ila riba yake kwa kawaida ni gharama. Mashine ya 2,000,000 mara nyingi haikatwi yote mwaka mmoja. Inaingia kidogo kidogo kama uchakavu, kwa viwango vya sheria ya huko uliko. Asiyeuliza anakisia, na makisio yake yatakaa juu ya sahihi yako.

Sasa nywila. Akaunti yako ya kodi mtandaoni ifunguliwe kwa barua pepe yako na simu yako. Kama mfumo unaruhusu kumteua wakala, mteue. Nywila baki nayo. Mhasibu akiweka barua pepe yake, notisi zote zinaenda kwake, na siku mkikosana hutajua hata kama una deni. Fedha ya kodi nayo usimpe mkononi "akulipie". Lipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba ya malipo, utunze stakabadhi. Uvishoka mwingi, yaani utapeli, unaanzia hapo.

Anayetaka asilimia ya marejesho ya kodi atakayokupatia, mkimbie. Analipwa zaidi kadiri anavyotia chumvi, halafu ukaguzi unakukuta wewe.

Na kama una mshahara mmoja tu unaokatwa kodi na mwajiri, pengine huhitaji mhasibu kabisa. Wahasibu wenzangu hawapendi niseme hivyo.

Kabla hajawasilisha, omba rasimu, na akueleze tarakimu tatu zimetokana na nini: mauzo, faida inayotozwa kodi, na kodi ya kulipa. Akikujibu "usijali, niachie mimi", chukua faili lako uondoke.