Panga ya Saidi: mvua, mawe ya chokaa na kaburi la Mtoto

Ukitoka pwani ya Kilifi kuelekea bara, kama kilomita 15 hivi, ardhi inainuka hadi vilima vya Dzitsoni. Huko minazi na mihogo imepakana na msitu, na ndani ya msitu lipo pango linaloitwa Panga ya Saidi.

Kijani hicho kina chanzo chake. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu, ukipanda vilima hupoa na kuangusha mvua: masika kuanzia Machi, vuli kuanzia Oktoba. Vuka upande wa pili uende Ganze, utakuta nyika kavu. Mvua hiyohiyo ndiyo iliyolitoboa pango, kwani maji yanayopenya ardhini huwa na asidi kidogo, nayo hula chokaa polepole.

Uchimbaji ulioanza 2010 umefunua matabaka ya miaka 78,000, yenye zana za mawe, shanga za makombe na za maganda ya mayai ya mbuni. Ukame ulipozidi kwingineko, hapa unyevu haukukatika kabisa. Msitu na mbuga vilikuwa jirani, watu wakapata riziki kotekote.

Kinachonigusa kuliko vyote ni kaburi, la kale kuliko yote ya wanadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Ndani yake alilala mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Watafiti walimwita Mtoto, na ulimwengu ukamjua kwa jina hilo mwaka 2021. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Kichwa kilikuwa kimelalia upande kwa namna inayoonyesha kwamba aliwekewa mto wa kitu kilichooza baadaye. Huenda hata alivishwa sanda ya majani au ngozi.

Mifupa ilikuwa laini mno, ikawa inasagika kwa kuguswa. Ilibidi bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta na kupelekwa maabara. Na ushahidi kwamba alizikwa na watu, hakufukiwa tu na tope, umetokana na udongo wenyewe: uliojaza shimo ulitofautiana na ule uliolizunguka.

Kwa hiyo usichote udongo wa mapangoni, hata debe moja la kutia shambani. Ukiona mfupa, shanga au jiwe lililochongwa, liache palepale, weka alama karibu, kisha waarifu wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) au Makumbusho ya Taifa ya Kenya.