Kanuni ya Hand: mahakama hupimaje uzembe?

Mwanasheria wa Marekani akitaja BPL, hazungumzii ligi ya Uingereza. Anazungumzia uzembe: lini mtu aliyesababisha hasara alaumiwe, na lini tuseme ni bahati mbaya tu. Herufi hizo zimetoka kwenye hukumu ya Januari 1947 katika kesi ya Carroll Towing, iliyoandikwa na Jaji Learned Hand wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Mzunguko wa Pili, New York. (Mizunguko ni kanda za rufaa, jina limebaki tangu enzi ambazo majaji walizunguka kweli, kwa farasi.)

Chanzo chake ni tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo), Anna C, lililokuwa limesheheni unga bandarini New York, Januari 1944. Wahudumu wa tagi (meli ndogo ya kuvuta vyombo vingine) iitwayo Carroll walizigusa kamba za matishari yaliyofungwa pamoja. Kamba zikaachia. Anna C likachukuliwa na upepo na maji hadi kwenye meli ya mafuta, rafadha ya meli hiyo ikalitoboa chini. Tagi zilizokuwa karibu zilikuwa na pampu, lakini hakuna aliyejua kwamba maji yanaingia. Tishari likalala upande, likamwaga unga, likazama. Mlinzi wake alikuwa ameondoka tangu jana yake jioni, yapata saa 21 zilizopita, na maelezo aliyoyatoa mahakamani yalionekana ya kutunga.

Je, mwenye tishari alikuwa mzembe kwa kutokuwa na mtu ndani? Hand alisema tupime vitu vitatu: uwezekano wa ajali kutokea (P), ukubwa wa hasara ikitokea (L), na mzigo wa kuizuia (B). B ikiwa ndogo kuliko P mara L, na hukuchukua tahadhari, wewe ni mzembe.

Chukua chemba iliyo wazi mbele ya duka, njia ya watoto wa shule. Mfuniko ni gharama ndogo, mtoto kuvunjika mguu si jambo dogo, na wanapita hapo kila siku. Hapo huhitaji kikokotoo. Chemba hiyohiyo ikiwa ndani ya ua uliofungwa, P inashuka, na jibu laweza kubadilika.

Wachumi wa sheria, hasa Richard Posner kuanzia 1972, waliifanya kanuni hii kuwa maarufu, pengine kupita kiasi. Hand mwenyewe hakuweka tarakimu hata moja. Aliangalia mambo yalivyokuwa: vita vimepamba moto, siku za Januari ni fupi, matishari yanasogezwa huku na kule kutwa nzima. Alikubali pia kwamba tishari si gereza la mlinzi, lazima ashuke nchi kavu mara mojamoja. Kwa hiyo alidai mtu awepo saa za kazi za mchana tu, kama hana udhuru, na sehemu ya hasara ya kuzama ikamwangukia mwenye tishari. Swali la usiku aliliacha wazi.